Doa Jeusi Unyayoni: Nini Huamua Hatima ya Mgonjwa wa Melanoma?

Daktari, hii saratani ya ngozi iitwayo melanoma si ugonjwa wa wazungu?

Kwetu ni nadra, lakini ipo, tena hujificha tusipopatazama: unyayo, kisigino, kiganja, chini ya ukucha. Aina hii haisababishwi hasa na jua. Ndiyo iliyomuua mwanamuziki Bob Marley mwaka 1981, akiwa na miaka 36. Ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu.

Nini hasa huamua kama mgonjwa atapona?

Kina cha uvimbe, kuliko jambo lolote linaloonekana kwa macho. Mwaka 1970 Alexander Breslow, mpatholojia wa Marekani, alionyesha kuwa unene wa uvimbe, ukipimwa kwa milimita kwenye hadubini, hubashiri yatakayofuata. Upana wa doa hudanganya. Uvimbe usiozidi milimita 1 mara nyingi hutibika kwa upasuaji pekee. Ukipita milimita 4, hatari ya kusambaa ni kubwa. Kisha tunaangalia kama umechimbika kidonda, na kama seli za saratani zimefika kwenye tezi za limfu. Mwenye doa la mguu akiota mtoki mgumu usiouma, nahofia sana. Seli hizo zikishafika mapafuni, kwenye ini au ubongo, kupona kabisa huwa kwa wachache.

Mbona aina hii ya unyayo, kiganja na ukucha huua zaidi?

Huko Marekani kwenyewe, katika takwimu za mwaka 1986 hadi 2005, takriban wagonjwa 80 kati ya 100 wa aina hii walivuka miaka mitano, ilhali kwa melanoma zote za ngozi walikuwa 91. Kuchelewa kuna mkono mkubwa hapo. Doa huitwa sugu, kidonda cha kujikwaa au fangasi ya ukucha, likapakwa dawa miezi na miezi. Wahudumu wa afya nao wana lawama: dawa ya fangasi hutolewa bila mgonjwa kuchunguzwa. Na si kila melanoma ni nyeusi. Nyingine ni nyekundu, kama nyama mbichi ya kidonda.

Nasikia kisu huiamsha saratani.

Sivyo. Kukatwa kipande hospitalini kwa uchunguzi hakuisambazi. Linalodhuru ni kuikwangua kwa wembe nyumbani, kuiunguza kwa dawa kali, au kuikata na kukitupa kipande bila kukipeleka maabara.

Dawa mpya hazisaidii?

Dawa za kuamsha kinga ya mwili, kama pembrolizumab, zimerefusha maisha ya wengi. Ila melanoma ya unyayo huzisikia kidogo kuliko ile ya jua, na bei ya dawa hizi wengi wetu hatuimudu.

Niende hospitali lini?

Michirizi myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa watu weusi. Shuku mstari mmoja unaopanuka, weusi unaovuka ukucha hadi kwenye ngozi, doa linalokua, au kidonda cha unyayo kisichopona. Nenda kliniki ya ngozi. Tanzania, mabingwa wapo KCMC Moshi na Muhimbili, na saratani hutibiwa Ocean Road. Majibu yakitoka, uliza unene ni milimita ngapi. Kwa kipimo hicho daktari wa upasuaji ataamua kama ngozi yenye afya ya pembeni ikatwe sentimita 1 au 2.