Kuwashwa Ukeni Si Dalili Kwamba ARV Zimegoma

SWALI: Nina miaka 27, naishi Mafinga. Nina ujauzito wa miezi mitano na natumia ARV tangu mimba yangu ya kwanza. Siku hizi nawashwa sana ukeni, natokwa na uchafu mweupe kama maziwa mgando. Jirani anasema dawa zimegoma, eti nijisafishe kwa maji ya limao. Mtoto wangu atakuwa salama?

JIBU: Pole mama. Jirani amekosea mara mbili.

Hizo ni dalili za fangasi. Mimba huongeza sukari kwenye kuta za uke, nao fangasi huipenda; hata wajawazito wasio na VVU huwashwa hivyo hivyo. Kama ARV zinafanya kazi au la, utajua kwa kipimo cha wingi wa virusi. Omba upimwe, na usiruke dozi hata siku moja, maana hapo ndipo ulipo usalama wa mtoto.

Limao libaki jikoni. Ukeni wamo bakteria walinzi wanaotengeneza asidi yao wenyewe. Ukiwaosha kwa limao, sabuni au chumvi, unawaachia nafasi wale wanaoleta uchafu wa kijivu wenye shombo la samaki. Hao nawaogopa kuliko fangasi: wanahusishwa na chupa kupasuka mapema na mtoto njiti. Uchafu ukiwa wa kijani au njano wenye povu, huenda ni trikomona, na hapo mwenzi wako naye lazima atibiwe.

Huku Nyanda za Juu Kusini kila muwasho siku hizi huitwa "UTI sugu", na duka la dawa halikosi kidonge cha kukuuzia. Usimeze flukonazole kwa ushauri wa dukani. Fangasi wa mjamzito hutibiwa kwa klotrimazole ya kuweka ukeni usiku, kwa siku saba hivi.

Wala usione haya kliniki. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 11.1 ya watu wazima mkoani Iringa na 9.6 mkoani Mbeya wanaishi na VVU, kitaifa ikiwa 4.4. Muuguzi ameshahudumia wengi kama wewe.

Ukiona maji au damu inatoka, ukipata homa au tumbo likikaza kabla ya miezi kutimia, nenda hospitali usiku huohuo.