Askari wa Sugoi Akiuawa Ng'ambo: Familia Ianzie Wapi

Januari 27, 2016, marais watatu walikusanyika katika Kambi ya Moi, Eldoret, kuwaombolezea wanajeshi wa Kenya: Uhuru Kenyatta, Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia na Muhammadu Buhari wa Nigeria. Siku kumi na mbili kabla ya hapo, Al-Shabaab walikuwa wameivamia kambi ya El Adde nchini Somalia, na wengi waliokuwa wakiilinda walitoka kikosi cha hapa hapa Eldoret. Serikali haikutangaza idadi ya waliouawa. Mwezi uliofuata Rais wa Somalia alisema kwenye televisheni kwamba walikuwa kati ya 180 na 200. Jeshi la Kenya likakana. Katikati ya kauli hizo mbili walikuwapo wazazi waliokuwa wakipiga simu ya mtoto wao, haishikwi.

Haiti, walikopelekwa polisi wetu, imeturudisha palepale. Askari polisi wa kwanza wa Kenya aliuawa huko Februari 23, 2025. Wa pili alipotea baada ya shambulio la Machi 25, 2025. Jamaa zake wakalazimika kwenda Mahakama Kuu kudai waelezwe alipo. Septemba mwaka huo Rais William Ruto, ambaye kwao ni Sugoi, alimtaja mbele ya Umoja wa Mataifa miongoni mwa waliofariki.

Kwa hiyo makala hii ni ya mzazi au mjane wa Sugoi, Turbo au Kamagut ambaye habari kama hiyo imemfikia. Mnadai mambo matatu: malipo, ukweli, na adhabu kwa muuaji. Msiyachanganye, kwa kuwa kila moja lina mlango wake. La malipo ndilo lenye muda wa kupita.

Ulizeni kwanza: alikuwa chini ya nani? Kikosi kilichokwenda Haiti mwaka 2024 kiliidhinishwa na Baraza la Usalama kwa azimio 2699 la 2023, lakini hakikuwa kikosi cha Umoja wa Mataifa. Cha Somalia ni cha Umoja wa Afrika. Cha Umoja wa Mataifa wenyewe kina utaratibu wake wa fidia, na hata huo hupitia kwa serikali ya marehemu. Umoja wa Mataifa una kinga dhidi ya mashtaka katika mahakama zetu. Mwenye kujibu kwenu, basi, ni mwajiri: Serikali ya Kenya.

Kama alikuwa polisi, Sheria ya Mafao ya Ajira kwa Walioumia Kazini ya 2007 inamhusu. Fidia ya kifo chini yake ni mshahara wa miezi 96, na dai huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu kifo. Mwanajeshi hayumo katika sheria hiyo. Malipo yake hufuata sheria na kanuni za jeshi. Mkiona palikuwa na uzembe, kwa mfano gari bovu au kuchelewa kumwokoa majeruhi, kesi ya madhara dhidi ya serikali nayo ina miezi 12 tu. Miezi hiyo huisha upesi sana kwa watu walio katika matanga.

Karatasi ya kwanza ni barua ya chifu inayowataja warithi. Hapa ndipo nawasihi msifiche mtu. Mke wa ndoa ya kimila aandikwe, mtoto wa nje aandikwe, mama aliyekuwa akitunzwa na marehemu aandikwe. Jina moja likiachwa, pingamizi huja baada ya tangazo la siku 30 kwenye Gazeti Rasmi, na faili hulala mahakamani Eldoret miaka huku watoto wakifukuzwa shule kwa karo. Barua hiyo pamoja na cheti cha kifo ndiyo huzaa barua za usimamizi wa mirathi.

Itafika siku ofisa atakuja nyumbani na karatasi na kusema kwa upole, "Mama, weka sahihi hapa." Huenda ni hati ya kupokea sanduku la vitu vyake tu. Huenda pia ni hati ya kukiri kwamba mmelipwa kila kitu na hamna dai tena. Msomeeni mama kila mstari kwa lugha anayoielewa, mpige picha kila ukurasa, na kama hamjaelewa mseme mtatia sahihi kesho. Sanduku lifunguliwe mbele ya mashahidi na kila kitu kiorodheshwe: simu, saa, daftari, sare. Simu msiifute. Ujumbe wake wa mwisho ni ushahidi.

Ukweli hudaiwa kwa maandishi, na ni bora mwili ukiwa bado haujazikwa. Mnaweza kuomba daktari mnayemchagua wenyewe ashuhudie uchunguzi wa maiti, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ipo karibu. Kisha andikeni kwa Wizara ya Ulinzi au Inspekta Jenerali mkitumia Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wanatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Watasema ni siri ya usalama, na kweli sheria inalinda siri za aina hiyo. Ndiyo maana msiulize mipango ya vita. Ulizeni alipigwa saa ngapi, alifikishwa kwa daktari saa ngapi, nani aliandika ripoti, na nani aliamua familia ielezwe siku ile. Wakikataa au wakikaa kimya, nendeni Tume ya Haki za Kiutawala ndani ya siku 30.

Adhabu ndiyo ngumu kuliko yote. Kumshambulia mlinda amani anayestahili ulinzi wa raia ni uhalifu wa kivita katika Mkataba wa Roma, lakini mshtakiwa wa kwanza wa shambulio la Haskanita, Darfur, lililoua walinda amani 12 mwaka 2007, hakufikishwa kwenye kesi kamili: majaji walikataa kuthibitisha mashtaka Februari 2010. Azimio 2589 la 2021 la Baraza la Usalama linazitaka nchi wenyeji kuwachunguza na kuwashtaki wauaji wa walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Iandikieni Wizara ya Mambo ya Nje mkiulizia hatua iliyofikiwa, na muandike tena kila baada ya miezi michache.

Wakili akiwashinda kwa gharama, ulizieni msaada wa kisheria katika kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Moi, kampasi ya Annex, Eldoret. Nendeni na nakala. Karatasi halisi zibaki nyumbani, kwa mtu mmoja anayejulikana na wote.