Sigara ya umeme: ladha imetoka, sumu je?



Ndugu msomaji, wiki hii nazungumza na ile nyumba ambayo ndani yake yupo kijana, au baba mwenyewe, anayevuta sigara ya umeme ya kujaza. Hukumu ya kuvuta nawaachia masheikh wetu. Ushauri wangu kama tabibu ni mfupi: aache. Lakini hadi atakapoacha, kidude hicho kinaoshwa mahali fulani nyumbani kwenu, na mara nyingi mahali penyewe ni jikoni.

Usiku mmoja nililetewa mtoto wa mwaka mmoja na nusu anatapika, mate yanamchuruzika, amepauka, jasho linamtoka na homa hana. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nilipomshika mkono nikasikia harufu ya stroberi. Hapo bibi yake akakumbuka kwamba mjomba wa mtoto alisuuza kitangi cha sigara yake ili atie ladha nyingine, akakianika kwenye kichanja cha vyombo, na mtoto alikutwa anakinyonya. Tulikaa naye hadi alfajiri, Alhamdulillahi akapona. Yule kijana aliapa kuwa alikiosha. Nilimwamini, ila ndani ya kitangi alikuwa ameiacha koili.

Koili ni kijiwaya kinachopata moto, kimezungushiwa pamba. Pamba hiyo ndiyo inayofyonza majimaji, na ndiyo inayoshikilia ladha ya zamani hata ukisuuza mara ngapi. Basi inashikilia na nikotini vilevile.

Madrasa tulifundishwa kuondoa najisi mpaka ladha yake, rangi yake na harufu yake viondoke. Kipimo hicho ni cha najisi, msikitumie kwa sumu hii. Ukisuuza kitangi, nikotini haionekani kwenye maji, na harufu mnayoisikia ni ya matunda yaliyotiwa humo, siyo yake. Tena harufu hiyo ndiyo inayomvuta mtoto.

Tuangalie kiasi. Uingereza sheria hairuhusu majimaji haya yazidi miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita. Kwa nguvu hiyo, kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kina miligramu 100, na hicho ni kiasi cha kuhatarisha uhai wa mtoto mdogo. Kuna nchi ambako huuzwa ya miligramu 50. Desemba 2014, huko Marekani katika jimbo la New York, mtoto mdogo alikufa baada ya kumeza majimaji ya namna hii, na mwaka 2016 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kutaka vichupa viwe na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kwa urahisi.

Sasa, anayeosha na aoshe hivi. Kwanza akitenganishe kitangi na betri, maana betri haiguswi na maji. Avae glavu, akikosa atumie hata mfuko wa plastiki mkononi, kwa sababu nikotini hupita kwenye ngozi. Majimaji yaliyobaki asiyamwage kwenye sinki la vyombo. Ayafute kwa karatasi laini, karatasi aifunge kwenye mfuko na kuitupa pamoja na koili ya zamani. Wapo wanaoichemsha koili ili kuokoa pesa. Pamba yake haitakati, na ikikauka vibaya huungua, akavuta moshi wa pamba. Koili mpya nayo, baada ya kujaza, aiache dakika 10 pamba ilowe kwanza.

Kioo, chuma na pete za mpira avioshe kwa maji ya vuguvugu na matone ya sabuni ya vyombo. Maji yanayochemka hupasua kioo. Pete za mpira ni kaidi, hushika harufu. Aziloweke, na zikikataa anunue nyingine. Wengine husuuza kwa pombe kali ili kuondoa harufu ya mnanaa au mdalasini. Pombe kali haina kazi nyumbani kwa Muislamu, na mvuke wake hushika moto upesi; sabuni yatosha. Na kitangi cha plastiki ajihadhari nacho, maana ladha za mdalasini na za malimau huweza kukipasua, kikamvujia mfukoni.

Beseni la kazi hii liwe lake peke yake, si karai la kuoshea mchele. Kitambaa cha kukaushia kadhalika. Avikaushe juu ya kabati, vichupa avifungie, kisha anawe mikono kwa sabuni kabla hajagusa chakula wala kumbeba mtoto. Akina mama, hapa msione haya kumkemea mume.

Ikitokea mtoto ameyaonja, mfuteni mdomo kwa kitambaa kilicholowa na msimtapishe. Msimpe maziwa kwa imani kwamba yanaua sumu. Yakimmwagikia, mvueni nguo na mmwoshe kwa maji mengi yanayotiririka. Mpelekeni hospitali hapo hapo, hata kama bado anacheza, kwa kuwa baada ya kutapika huweza kufuata degedege, kulegea na pumzi kufifia. Na kile kichupa nendeni nacho, ili tabibu asome nguvu ya nikotini iliyoandikwa pale.