Handaki na Ncha Zake Mbili: Kujenga VPN ya Binafsi kwa OpenBSD

Istilahi nyingi za tarakilishi zimepata visawe vya Kiswahili, vingine vikakubalika na vingine vikabaki kamusini. VPN haijabahatika. Wapo wanaoiita mtandao pepe wa faragha, tafsiri sisisi ambayo haimwambii msomaji jambo linalotendeka. Neno 'pepe' limekwisha kutwishwa mzigo wa barua pepe, na 'faragha' inaahidi zaidi ya kile ambacho chombo chenyewe hutoa. Mafundi huzungumzia handaki, yaani njia ya chini kwa chini, na neno hilo ndilo litakalotumiwa katika makala haya. Ubora wake ni kwamba handaki lina ncha mbili, na swali kuu la mada hii ni nani anayekaa kwenye ncha ya pili.

Wakenya wengi walikumbana na VPN mnamo Novemba 2023, Telegram ilipozimwa nchini wakati wa mtihani wa KCSE. Waganda walikuwa wamekwisha kuizoea tangu uchaguzi wa Januari 2021, mitandao ya kijamii ilipofungwa. Katika hali kama hizo watu hupakua programu yoyote ya bure. Programu hiyo huufumba ujumbe kwa fiche, ikaupitisha machoni pa kampuni ya simu bila ya kusomeka, kisha ikaufikisha kwenye seva ya mbali ambako gamba la nje huvuliwa na ujumbe kuendelea na safari yake. Kampuni ya simu huona tu kwamba mteja anawasiliana na seva moja. Mwenye seva, kwa upande wake, huona kila tovuti inayotembelewa. Imani haikuondolewa, ilihamishwa kutoka kwa kampuni yenye leseni na anwani inayojulikana hadi kwa mtu ambaye aghalabu hajulikani hata jina.

Njia mojawapo ya kukabiliana na hali hiyo ni mtumiaji kuimiliki ncha ya pili yeye mwenyewe. Hukodi seva ndogo, akaweka humo mfumo endeshi anaouamini. OpenBSD inafaa kwa kazi hiyo. Mradi huo ulianzishwa na Theo de Raadt mnamo 1995 na makao yake yako Calgary, Kanada. Wasanidi wake wana desturi ya kuupitia msimbo mstari kwa mstari wakitafuta kasoro, na huduma nyingi huja zikiwa zimezimwa hadi mwenyewe aziwashe. Tangu toleo la 6.8 la Oktoba 2020, itifaki ya WireGuard, iliyobuniwa na Jason Donenfeld, imo ndani ya kiini chake; hakuna programu ya ziada ya kusakinisha upande wa seva.

WireGuard ina adabu moja ya kupendeza. Anayepiga hodi bila ya ufunguo unaotambuliwa haambiwi 'karibu' wala 'hatupo': seva hunyamaza kana kwamba nyumba haina mtu.

Baada ya OpenBSD kusakinishwa na viraka kuwekwa kwa amri ya syspatch, hutengenezwa ufunguo wa siri kwa amri ya openssl rand -base64 32. Kisha huandikwa faili liitwalo /etc/hostname.wg0:

wgkey UFUNGUO-WA-SIRI-WA-SEVA
wgport 51820
wgpeer UFUNGUO-WA-WAZI-WA-SIMU wgaip 10.0.0.2/32
inet 10.0.0.1/24
up

Faili hilo lisisomwe na yeyote ila msimamizi. Amri ya sh /etc/netstart wg0 huliamsha handaki, na ifconfig wg0 huonyesha ufunguo wa wazi wa seva, ambao hunakiliwa kwenye simu. Simu nayo hujitengenezea ufunguo wake wa siri. Kinachobadilishwa baina ya pande mbili ni funguo za wazi pekee; anayetuma ufunguo wa siri kwa barua pepe amevunja handaki kabla ya kulichimba.

Wanagenzi wengi hukwama hapa. Seva na simu zinasalimiana vyema, lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka. Sababu ni kwamba OpenBSD haipitishi ujumbe wa wengine mpaka iamrishwe. Mstari wa net.inet.ip.forwarding=1 hutiwa katika /etc/sysctl.conf na seva kuwashwa upya, au amri ya sysctl yenye maneno hayo hayo hutolewa papo hapo. Ukuta wa moto uitwao PF nao huongezewa kanuni ifuatayo mwishoni mwa /etc/pf.conf, ili ujumbe utoke kwa anwani ya seva:

pass out on egress inet from 10.0.0.0/24 nat-to (egress)

Amri ya pfctl -f /etc/pf.conf huipa kanuni hiyo nguvu. Kwenye simu, anwani zinazoruhusiwa ziwe 0.0.0.0/0 pamoja na ::/0. Hii ya pili ikisahauliwa, mawasiliano ya IPv6 yatapita nje ya handaki huku mwenyewe akidhani amejificha. Vivyo hivyo, simu ikiendelea kuiuliza ruta ya nyumbani anwani za tovuti, majina ya tovuti hizo yatajulikana nje. OpenBSD huja na unbound, inayoweza kuyajibu maswali hayo ndani ya handaki.

Hata hivyo, faragha si kutojulikana. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano, na handaki hili linaitumikia haki hiyo dhidi ya anayechungulia njiani. Lakini kampuni ya kibiashara huwachanganya maelfu ya wateja nyuma ya anwani moja, ilhali seva ya binafsi ina mtumiaji mmoja ambaye jina lake limo katika stakabadhi ya kodi. Mwenye nyumba, yaani kampuni inayokodisha seva, bado ana uwezo wa kuona yanayoingia na kutoka. Nchini Tanzania, mamlaka ya mawasiliano ilitangaza mnamo Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wajisajili. Aliye huko hana budi kulizingatia hilo.

Kuna pia suala la matunzo. OpenBSD hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, na kila toleo hupata viraka kwa takriban mwaka mmoja tu. Kuhama kutoka toleo moja hadi jingine hufanywa kwa amri moja, sysupgrade, na aghalabu hakuchukui hata saa moja. Asiyeweza kuitenga saa hiyo mara mbili kwa mwaka afadhali ailipe kampuni anayoiamini.