SOMO LA VIKUNDI: Kutoa kwa Ajili ya Wagonjwa wa Akili, Kidogo Kidogo na Kila Mwezi

Someni kwanza: Marko 5:1-20, 1 Wakorintho 16:1-4, 2 Wakorintho 8:16-21.

Lengo la somo: Tukimaliza, kila kikundi kieleze kwa nini mgonjwa wa akili anahitaji msaada wa kila mwezi kuliko harambee moja kubwa, na kiamue jambo moja la kufanya.

Somo hili tumelitayarisha kwa vikundi vya akina mama, vijana na jumuiya za nyumbani. Lisomeni polepole, na msipite maswali yaliyo mwishoni.

1. Gharama ya kupona

Marko anatusimulia habari za mtu aliyeishi makaburini. Watu walikuwa wamemfunga mara nyingi kwa pingu na minyororo, naye akaikata. Yesu akamponya, na nguruwe kama 2,000 wakazama ziwani. Wenyeji walipofika walimkuta yule mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu. Tungedhani watashangilia. La, walimsihi Yesu aondoke. Marko anasema walisimuliwa habari za yule mtu na za nguruwe pia. Inaonekana hesabu ya nguruwe ndiyo iliyowaingia zaidi.

Tusiwalaumu upesi. Hata kwetu kuna wagonjwa waliofungwa kamba nyuma ya nyumba. Kamba hununuliwa mara moja tu, na majirani hawadaiwi kitu. Lakini mtu akianza kutibiwa kuna nauli, dawa na mtu wa kumsindikiza. Hapo ndipo wengi wetu tunanyamaza, ati hiyo ni shida ya familia yake.

2. Ugonjwa wenyewe

Wengine husema ni laana, wengine ni kurogwa, na familia inauza ng'ombe wa mwisho ili ilipe mganga. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine wowote. Kuna skizofrenia, ambapo mtu husikia sauti wengine wasizozisikia. Kuna huzuni nzito isiyoisha, hata mtu akatamani kufa. Kifafa nacho ni ugonjwa wa ubongo, lakini hapa Kenya mara nyingi hutibiwa katika kliniki hizo hizo. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kumshika aliyeanguka.

Wagonjwa wengi hupata nafuu wakitibiwa. Lakini wengi wao humeza dawa kwa miaka, na wengine huchomwa sindano karibu kila mwezi. Mtu akijisikia mzima akaacha dawa, au akikosa nauli ya kliniki, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Mwenye kifafa akikatiza dawa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo na hata kufa.

Maombi na dawa hayagombani. Paulo alimwombea Timotheo, na pia alimshauri la kufanya kuhusu tumbo lake.

3. Kwa nini harambee peke yake haitoshi

Sisi ni watu wa harambee. Tunachanga kwa matanga, kwa karo na kwa bili ya hospitali. Hilo ni jema. Lakini harambee huja wakati wa msiba, halafu kila mtu huenda kwake.

Tuchukue mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Mama mmoja wa Kiminini ana kijana mgonjwa. Nauli ya kwenda kliniki na kurudi ni shilingi 300, na dawa ni shilingi 500. Hizo ni 800 kwa mwezi, au 9,600 kwa mwaka. Tukimpa 9,600 kwa siku moja mwezi wa Desemba, Januari karo itazimeza. Mwezi wa tatu hana nauli, na mwezi wa nne kijana amerudi barabarani. Lakini nyumba 40 zikitoa shilingi 20 kila mwezi, ni zile zile 800, na kijana hakosi dawa hata mwezi mmoja.

Mtasema pesa hazipatikani kila mwezi. Ni kweli. Mkulima wa Trans Nzoia hupata pesa akishavuna mahindi, na mwenye miwa wa Bungoma hungoja malipo. Basi toeni mahindi. Gorogoro moja ni kama kilo 2. Nyumba 40 zikitoa gorogoro moja moja wakati wa mavuno, ni kilo 80, karibu gunia zima. Yahifadhiwe makavu na yauzwe mwezi wa sita, wakati bei huwa imepanda na mifuko ni mitupu.

Paulo aliwafundisha Wakorintho vivyo hivyo. Aliwaambia kila mmoja aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kadiri alivyofanikiwa, ili mchango usianze kutafutwa yeye akishafika.

4. Pesa hizo hufanya nini

Shirika la BasicNeeds, lililoanzishwa Uingereza na Chris Underhill, lilianza kazi Kenya mwaka 2005. Liliunganisha mambo matatu: matibabu karibu na nyumbani, vikundi vya wagonjwa na walezi wao, na kazi ya kuleta riziki. Watafiti waliwafuata wagonjwa 203 wa Meru Kusini na Nyeri Kaskazini kwa karibu miaka 2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: afya yao ilikuwa nzuri zaidi, na wengi zaidi walikuwa wakifanya kazi.

Huko Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina nyanya wa mtaa wa Mbare, Harare, kuketi na wenye huzuni kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu. Benchi na mafunzo havihitaji jengo kubwa. Nasi makanisani tuna akina nyanya wengi wenye hekima.

5. Kabla ya kutoa, ulizeni

Paulo hakubeba mchango peke yake. Alituma ndugu wengine pamoja na Tito, ili mtu asipate la kulaumu. Basi kuuliza si kukosa imani. Ulizeni hivi:

- Shirika limesajiliwa? Tangu Mei 2024, mashirika haya yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013. Ombeni kuona cheti.
- Pesa zinaingia akaunti ya shirika, au simu ya mtu binafsi? Mkituma kwa M-Pesa, hakikisheni jina linalotokea.
- Ripoti ya mapato na matumizi hutolewa lini?
- Wagonjwa wanapigwa picha ili kuombea pesa? Heshima yao haiuzwi.
- Kuna mtu amefungwa minyororo pale, au amekatazwa dawa? Kama ndiyo, msitoe hata senti. Mwelezeni chifu na afisa wa afya.

6. Serikali nayo

Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza mwaka 1910, na kwa miaka mingi wagonjwa wa huku walipelekwa karibu kilomita 400 kutoka kwao. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa kaunti zina wajibu wa kutoa huduma hii. Sadaka yetu isiwe kisingizio cha kaunti kukaa kimya. Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, twendeni tuulize: dawa za wagonjwa wa akili zimetengewa shilingi ngapi?

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni nani amefichwa nyuma ya nyumba? Msimtaje jina kikundini. Semeni tu ni nani atamtembelea.
2. "Nguruwe" zetu ni zipi, yaani mali tunayoogopa kupoteza mtu akipona?
3. Kikundi chetu kinaweza kutoa nini kila mwezi bila kuchoka kwa mwaka mzima?

La kufanya kabla ya mkutano ujao

Chagueni watu watatu watakaotunza mchango, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Tumeni wawili hospitali ya kaunti, Kitale au Bungoma, waulize siku ya kliniki ya akili na dawa zinazokosekana. Anzeni na familia moja. Ikimaliza mwaka bila kukosa dawa, ongezeni ya pili.

Yesu alimwambia yule mtu arudi nyumbani kwa watu wake. Mungu atusaidie akirudi atukute tuko tayari kumpokea. Amina.