UTANDO UNAOSIKIA MTIKISIKO

Mkisimama karibu na mashine ya kusaga nafaka, mtausikia mtikisiko wake nyayoni. Fundi stadi huujua mtikisiko huo. Beringi ikianza kulika, mtikisiko hubadilika hata kabla mashine haijavunjika. Lakini fundi hawezi kusimama hapo usiku na mchana. Kwa hiyo kimetengenezwa chombo cha kumsaidia.

Mwaka 1880, huko Paris, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua ya kuwa fuwele za kwatsi zikibanwa hutoa umeme kidogo. Mwaka 1969 Heiji Kawai wa Japani akaona ya kuwa plastiki moja, ikiisha kuvutwa na kutiwa katika nguvu kubwa ya umeme, hupata tabia hiyo hiyo. Plastiki hiyo hufanywa utando wa piezo, mwembamba kuliko karatasi ya daftari. Pande zake mbili hupakwa madini yapitishayo umeme, na kila upande huungwa waya wake.

Utando ukipindwa, umeme huonekana katika nyaya. Ukirudi, umeme hugeuka. Lakini ukipindwa na kuachwa hivyo hivyo, umeme hutoweka upesi. Basi, utando huu haupimi mzigo uliotulia, hupima badiliko. Kwa mizani haufai, bali kwa mtikisiko wafaa sana.

Atakaye kuutumia na afunge ncha moja ya utando penye mashine, ncha ya pili aiache huru icheze. Kati ya nyaya mbili aunge rezista ya megaomu 1, ndipo azipeleke kwenye kompyuta ndogo. Rezista ikiwa ndogo mno, mitikisiko ya polepole haitasikika. Tena aweke diodi za kulinda, kwa maana pigo kali laweza kutoa volti nyingi kuliko zile ambazo kompyuta hiyo yaweza kuvumilia.

Kwanza apime mashine ikiwa nzima, aandike hesabu yake. Siku nyingine hesabu ikizidi sana, asimamishe mashine aitazame. Asiyejua hali ya uzima hawezi kuutambua ugonjwa.

MASWALI
1. Kwa nini utando huu haufai kwa mizani?
2. Diodi zina kazi gani?
3. Kwa nini mashine hupimwa ingali nzima?