SOMO: MSINGI WA KIBANDA CHA NYUMA YA NYUMBA



Wakimbizi wengi wanaoishi Kampala wamepanga chumba kimoja au viwili. Vitu vikizidi, mtu hujenga kibanda kidogo nyuma ya nyumba cha kuwekea mkaa, cherehani, unga au bidhaa za biashara. Mara nyingi fedha zote huishia kwenye mabati na mbao, na msingi husahauliwa. Mvua ikinyesha, unga unalowa, mchwa wanapanda, mlango haufungi tena. Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua msingi kabla ya kununua hata msumari mmoja.

1. ARDHI NI YA NANI?
Kama umepanga, zungumza kwanza na mwenye nyumba. Mwandikiane karatasi inayosema kibanda ni cha nani na kwamba ukihama utaondoka na vifaa vyako. Mwenyekiti wa LC1 anaweza kuwa shahidi. Kwa jengo la kudumu, ulizeni pia ofisi ya KCCA ya eneo lenu. Mpangaji asizike saruji katika ardhi ya mtu mwingine: siku ya kuhama haing'oki.

2. UDONGO WAKO NI UPI?
Kampala ni mji wa vilima na mabonde. Juu ya vilima udongo huwa mwekundu, wenye changarawe, na hushika vizuri. Mabondeni, kama Bwaise na sehemu za karibu na mfereji wa Nakivubo, palikuwa na vinamasi, na mafuriko hutokea mara kwa mara.

Chimba shimo la sentimita 50. Liache mpaka kesho yake, na angalia:
- Udongo ni mgumu na shimo ni kavu: mahali panafaa.
- Maji yamejitokeza chini: ni kinamasi. Usiweke sakafu chini.
- Umekuta nailoni, majivu na takataka: mahali palijazwa. Takataka huoza na kudidimia. Tafuta mahali pengine, au chimba mpaka ufikie udongo wa asili.

Waulize majirani wa siku nyingi maji ya mafuriko hufika wapi. Tazama pia alama ya tope kwenye kuta.

3. CHAGUA MSINGI
(a) Vituo vya matofali ya saruji. Hufaa kwa mpangaji na kwa kibanda chepesi cha mbao au mabati. Hung'olewa na kuhamishwa.
(b) Msingi wa mtaro, wa mawe au matofali ya kuchoma. Hufaa kwa mwenye kiwanja na kuta za matofali. Chimba mpaka udongo mgumu, angalau sentimita 45. Juu ya msingi tandika nailoni nzito kabla ya ukuta, ili unyevu usipande.
(c) Nguzo ndefu. Hufaa pale maji yanapofika. Sakafu iwe juu ya alama ya mafuriko. Kama alama iko kifuani, usijenge hapo.

4. JINSI YA KUJENGA VITUO
Tuchukue kibanda cha mita 2 kwa mita 1.5.

Kwanza, piga vigingi vinne na kufunga kamba. Pima kutoka pembe hadi pembe inayoikabili. Pande zote mbili zikitoa mita 2.5, pembe zako ziko sawa.

Pili, chimba mashimo sita: manne kwenye pembe, mawili katikati ya pande ndefu. Kila shimo liwe na kina cha sentimita 20. Jaza moramu nusu yake na ushindilie sana.

Tatu, laza tofali la kwanza, kisha la pili juu yake. Yasiyo na matundu ni bora. Chini ya tofali la kwanza pitisha waya mnene wa kufungia boriti, kwani upepo hubeba kibanda chepesi.

Nne, sawazisha vituo vyote kwa mpira mwembazi unaoonyesha ndani uliojaa maji. Maji katika ncha zake mbili hulala usawa mmoja.

Tano, weka boriti na sakafu ya mbao. Nafasi ya sentimita 30 chini ya sakafu hupitisha hewa. Pia utaona njia za udongo za mchwa zikipanda. Zibomoe kila wiki.

TAHADHARI
Usizibe mtaro wa maji, hata kama ni mdogo: maji yataingia kwa jirani, na ugomvi utaingia kwako. Uliza bomba la maji na waya wa umeme vinapita wapi kabla ya kuchimba. Chimba Januari, Februari, Juni au Julai, maana mvua kubwa huja Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI
1. Mahali unapoishi, maji hupita wapi mvua ikinyesha?
2. Kwa nini mpangaji na mwenye kiwanja hawachagui msingi mmoja?
3. Karatasi yako na mwenye nyumba iandikwe nini?